Nilivyopalilia reli ya mkwe wangu siku nne kabla ya maonyesho

Wakuu, hamjambo nyote. Mimi ni cucu, yaani nyanya, wa Thika, miaka sabini na kidogo, shule niliacha darasa la nne. Hii akaunti nilifunguliwa na mjukuu ili nisome mambo ya kuku. Leo sina mambo ya kuku.

Nataka kuwaambia kitu nilichofanya Ruiru, kwa nyumba ya msichana wangu. Sitapunguza, hata pale ninapoonekana mjinga. Kucheka mtacheka, lakini someni mpaka chini kwanza.

Msichana wangu ni Njeri. Ameolewa na Wafula, Mbukusu wa Bungoma, na wanakaa Mwihoko, huko huko Ruiru. Watoto wao, mkubwa Nekesa, wako boarding. Juzi Njeri aliteleza bafuni akavunja mguu, akafungwa plasta mpaka gotini. Nikawa naenda kila asubuhi kumpikia na kufua, jioni narudi Thika.

Kulala hapo hapana. Sisi Wakikuyu mama halali kwa muthoni wake, yaani mkwe, ovyo ovyo. Na kwa kina Wafula ni kali zaidi. Mama mkwe hasalimiwi kwa mkono, hakai chumba kimoja na mkwe, na mkikutana mlangoni mmoja wenu anageuka kuangalia maua. Hata kama hakuna maua.

Miaka kumi na moja Wafula hajawahi kuniambia neno moja uso kwa uso. Anapitishia kwa Njeri.

"Mwambie Mama chakula kilikuwa kitamu."

Na mimi niko jikoni, namsikia vizuri. Namjibu kwa Njeri pia. Hiyo ndiyo heshima, na sijawahi kuona ikimchubua mtu.

Sasa, hiyo nyumba ina chumba kimoja ambacho hufungwa. Nilijua Wafula ana mambo yake ya treni huko ndani, zile ndogo za kuwekwa mezani. Sikujua zaidi. Mtu mzima akiwa na toy haulizwi, unamwachia Mungu.

Jumanne hiyo Njeri alimeza dawa ya maumivu akalala fofofo. Wafula alikuwa kazini, shift ya asubuhi. Nilikuwa nimemaliza nyumba yote, na huo mlango haukuwa umefungwa.

Nikaingia kufagia tu.

Wakuu, niliona meza kubwa katikati ya chumba, na juu yake stesheni nzima. Nyumba za wafanyakazi wa reli, tangi la maji, mabehewa, choo cha nje, hata kamba ya nguo. Na uchafu! Mabati yana kutu. Mabehewa yana masizi. Vumbi kila mahali. Magugu yameota katikati ya reli kama shamba la mtu aliyehama.

Nikasimama nikajiambia, siku wageni wakifungua huu mlango, watasema huyu mwanamke alilelewa na nani? Na aliyemlea ni mimi.

Nikachemsha maji. Nikatafuta sabuni ya unga, mswaki mzee na kitambaa laini.

Nilianza na mapaa. Yalikuwa yanatoka, nikayaosha moja moja nikayaanika kwa gunia juani. Nikasugua mabehewa mpaka yakarudi rangi. Zile nguo za kamba zilikuwa za kitambaa cha kweli, ndogo kama kucha, nikazifua nikazirudisha, suruali upande wake na shuka upande wake.

Halafu nikapalilia reli. Mimi nimefanya kazi ya kahawa tangu nikiwa msichana, gugu sichezi nalo. Niling'oa moja moja na kile kikoleo chake kidogo cha kushika vitu, mpaka reli ikawa safi kama meza ya Bwana. Magugu yote nikayatupa kwa pipa, na gari la taka likapita saa sita.

Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilikuwa naimba.

Saa nane Wafula akafika. Nikatoka kwa hicho chumba kiupande upande, yeye akaangalia ukuta mpaka nikapita, kisha akaingia.



Nikasimama jikoni nikingoja sifa.

Halafu sauti ikatoka huko ndani, nyembamba, kama ya mtu aliyekanyagwa: "Njeri, mwambie Mama asante. Amefanya kazi nyingi."

Akatoka, akaenda bafuni, akafunga. Alikaa huko hata chai yake ikapoa.

Njeri, ambaye hata hakuusikia ujumbe wake, ndiye aliamka baadaye akajikokota kwa magongo akachungulia. Akashika kichwa.

"Mami! Umefanya nini?"

"Nimeosha."

"Mami, hiyo ilikuwa rangi!"

Ndio nikaelezwa. Ule uchafu wote alikuwa ameupaka mwenyewe kwa brashi ndogo. Mwaka mzima, kila jioni. Yale magugu aliyabandika unyasi mmoja mmoja na gundi, miezi minne.

Sababu ni hii. Kuna watu wa hizi treni ndogo wanakutana mara moja kwa mwaka, kwa ukumbi wa kanisa fulani Juja, kila mmoja na meza yake. Mwaka uliopita Wafula alipeleka yake ikiwa mpya. Mzee anayepanga meza, mmoja wa miwani, akamwambia kazi ni nadhifu lakini ni toy. Akawekwa nyuma kabisa, pale kreti za soda zinawekwa. Watu walikuwa wanaweka chupa kwa reli yake.

Wafula akamwambia Njeri atajaribu mara moja tena. Akirudishwa kwa kreti, anabomoa kila kitu na hicho chumba kitakuwa cha magunia ya mahindi.

Na hiyo maonyesho ilikuwa Jumamosi.

Na mimi nilikuwa nimeirudisha toy, tena kwa maji moto.

Wakuu, angenitukana ningejibu. Mimi najua kujibu, muulize mtu yeyote wa soko la Makongeni. Lakini mtu akufanyie heshima kama hiyo, akusanye hasira yake yote aipeleke bafuni afunge mlango, utamjibu nini?

Nilienda nyumbani na hicho kitu kimenikaa hapa kifuani.

Sasa sikieni. Mimi treni sijui. Lakini uchafu najua. Nimezaliwa kwa nyumba ya mabati karibu na reli, mama yangu akiuza chai stesheni. Hakuna mtu wa kunifundisha masizi.

Asubuhi nilikwangua paa la jikoni yangu ya kuni, nikajaza mkebe. Nikachukua udongo mwekundu wa shambani, nikaupitisha kwa soksi ya nailoni mpaka ukawa kama poda. Jivu. Na steel wool mbili za kusugulia sufuria, nilizoloweka usiku kwa siki, yale maji yake hugeuka kutu ambayo haitoki hata ukilia. Nikaweka kwa kiondo nikaenda Mwihoko.

Nikamwambia Njeri, "Mwambie mzee wako nimekuja kuchafua."

Shida ikawa ni vile tutafanya. Hatuwezi kukaa chumba kimoja. Njeri akatafuta kamba na shuka ya kitanda, tukaigawa meza katikati. Wafula upande wa reli, mimi upande wa nyumba. Njeri akawekwa mlangoni, mguu juu ya stuli, awe simu yetu.

Jumatano hiyo tulianza kwa adabu. Haikudumu.

Wafula alijifunza uchafu kwa video za ng'ambo, kwa hivyo alitaka kijivu na weusi. Nikaona akipitisha chini ya shuka kopo la rangi ya kijivu kwa ajili ya kuta zangu.

"Njeri, mwambie hii rangi ni ya nchi ya watu wengine. Uchafu wa huku ni mwekundu. Unaanzia chini, mvua inaurusha kwa ukuta, unafika magotini unaishia hapo."

"Baba Nekesa, Mami anasema..."

"Nimesikia. Mwambie Mama, na paa?"

"Mwambie kutu inaanzia kwa msumari. Haijai paa yote kama surua. Inaanzia kwa msumari inateremka."

"Mwambie Mama, mimi kwa chimney nilikuwa nimeweka moshi mwingi."

"Chimney gani? Mwambie hakuna jikoni ya kuni yenye adabu hivyo! Moshi unatokea chini ya mabati, popote unapopata nafasi."

"Mko hatua mbili!" Njeri akasema. "Mnasikiana! Mimi ni mgonjwa!"

Tukaendelea kumtuma. Heshima ni heshima.

Nilipaka pembe ya nyumba mahali mbuzi hujisugulia, urefu wa mbuzi hasa. Nikaweka weusi wa mikono kwa fremu za milango. Nguo nilizofua nikazichovya kwa chai.

Magugu yalinisumbua roho. Mwishowe nikafungua mshipi wa kiondo changu, ule wa katani, nikaukata vipande vipande vidogo. Hicho kiondo nilisuka nikiwa na mimba ya Njeri. Nikapitisha nyuzi chini ya shuka bila neno.  Upande ule mwingine nikasikia brashi ikikoroga rangi ya kijani.

"Njeri," nikasema, "mwambie asibandike katikati ya njia kubwa. Pale treni inapita kila siku nyasi haipati nafasi. Abandike kwa ile reli ya kando, yenye mabehewa yaliyolala."

Alhamisi mchana ndio tulipatikana. Wafula alikuwa amemwaga gundi kwa urefu wote wa reli, na jivu lilikuwa upande wangu. Gundi ya mbao ikishakauka hakuna kitu kitashika.

"Njeri, mwambie Mama alete jivu."

Njeri alikuwa amemeza dawa. Anakoroma, mdomo wazi.

"Njeri!"

Koroma.

Nikashika mkebe wa jivu nikangoja. Nikaona kivuli chake kwa shuka, amesimama na brashi juu kama mtu wa kuongoza kwaya. Gundi inakauka. 

Halafu Wafula akaiambia chupa ya chai iliyokuwa hapo kando: "Kama kuna mtu ana jivu nyuma ya shuka, sasa ndio wakati."

Nikaiambia chupa ya chai: "Jivu lipo. Lakini mtu anyooshe mkono tu, asichungulie."

Mkono ukatokea. Nikaweka mkebe. Mkono ukaondoka. Tukamaliza reli yote hivyo, na hiyo chupa ilisikia mambo mengi siku hiyo.

Ijumaa tukatoa shuka, mmoja baada ya mwingine tukaingia kuangalia.  Mimi nilisikia harufu ya mvua, na hakukuwa na mvua.

Jumamosi wakaikodia meza pickup. Mimi nilikaa mbele na dereva, nikiwa na mkebe wa masizi mapajani ikiwa kitu kitafutika. Wafula alipanda nyuma na meza yake. Njeri akaja na teksi.

Ukumbini nilikaa kwa kiti cha mbali na Wafula, karibu na ukuta. Yule mzee wa miwani akawa anapita meza kwa meza akiamua nani atakaa wapi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama siku ya kuposwa.

Akafika kwa Wafula. Akainama. Akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. Alikaa hapo mpaka watu wakaanza kusogea.

Kisha akauliza, "Hii choo ya nje. Kila mahali umeweka vumbi, lakini ukuta mmoja una pahali pasafi, panang'aa. Ulisahau?"

Wafula hakujua. Choo nilifanya mimi, upande wangu wa shuka. Akageuka kumtafuta Njeri.

Njeri hayuko. Alikuwa ameenda msalani na magongo yake, na mnajua mtu wa plasta anavyochukua muda.

Mzee anangoja. Kalamu iko juu ya karatasi.

Nikamwona Wafula akiangalia mlango, akiangalia dari, akitafuta hata chupa ya chai.  Halafu akageuka, akaniangalia, mimi mama mkwe wake, mbele ya ukumbi mzima.

"Mama," akasema. "Hapa ni kwa nini?"

Nikajibu nikiangalia viatu vyangu. "Hapo ndipo watu wanangojea zamu. Wanaegemea. Migongo yao imesugua."

Mzee akacheka mpaka akashika meza. Akasema yeye mwenyewe aliegemea ukuta kama huo utoto wake wote, kwao walikuwa tisa na choo ni kimoja. Akaandika kitu. Akawaita vijana wawili, akawaambia meza ipelekwe mbele, pale mlangoni watu wanapoingilia.

Nikafikiri basi, yameisha, turudi kwa heshima yetu. Njeri akawa amerudi, amekaa karibu na mume wake, simu iko tayari.

Lakini Wafula akainama tena kwa stesheni, akaweka kidole karibu na dirisha la nyumba ya kwanza.

"Na hapa, Mama?"

Hilo swali hakuna mtu alimlazimisha. Nikasimama, nikavuta kiti changu karibu kidogo, nikamweleza.

Basi wakuu, funzo ni fupi. Kitu cha mtu usikioshe kabla ya kuuliza, hata kama unaona uchafu kwa macho yako mawili. Uchafu una sababu, na mwenyewe anaijua.

Wengine walioko kanisani kwangu wanasema nimevunja mila kwa kuongea na mkwe. Nimesikia. Nyinyi wenye wakwe, huko kwenu mnaongea nao aje? Semeni hapa chini, na mseme ukweli. Yule ataandika "pole cucu" bila kusoma, nitamjua.