Uso Uliotakata Edani

Mimi ugonjwa wa mdogo wangu niliusoma usoni, na hapo ndipo nilipopotea.

Kwa miaka minne lupus yake ilikuwa inajitangaza. Ikitaka kuja, kwanza mashavu yanakuwa mekundu, wekundu unavuka pua kutoka shavu hadi shavu, kisha vidole vinavimba na magoti yanakataa kazi. Daktari wa Bujumbura alitueleza kwamba mwili wake umemgeuka, unajipiga wenyewe, na jua ndilo linaloichokoza lupus. Jua! Utamwambiaje mtu wa Rumonge aliyekulia kwenye vichanja vya ndagala akimbie jua? Lakini aliacha kuanika samaki, akabaki ndani na cherehani yake. Mimi nauza mawese, naondoka mapema, na kila asubuhi kabla sijatoka nilimshika kidevu nikamgeuza dirishani kumkagua. Uso ukiwa safi, naenda zangu sokoni bila wasiwasi.

Siku ile ile daktari alisema na jingine, wakati nimeshaanza kukunja makaratasi: "Akianza kusahau, ao tabia ikibadilika, mumulete haraka." Nilijibu murakoze sana, daktari. Nilikuwa nawahi gari.

Kisha mume wake akafa. Alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa safari, wiki mbili tatu yuko Nyanza-Lac akiwaezekea watu waliorudi kutoka Tanzania, ndiyo maana mimi na mdogo wangu tulikaa nyumba moja. Malaria ilimchukua kwa siku tatu tu. Mdogo wangu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba chenye pazia zito. Shangazi yetu akahamia kwetu kumsimamia, kwa kuwa mambo hayo kwetu ni ya wakubwa.

Wiki ya tatu uso wake ulitakata, mashavu laini kama ya mtoto. Shangazi akasema, "Unaona? Kutulia kunamufaa." Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Sikujiuliza jua lingemfikiaje mtu aliyefungiwa pazia.

Siku moja aliswali adhuhuri, akatoa salamu, akainuka akaianza upya. Kisha tena. Shangazi akanishika mkono: "Muache, anamuombea bwana yake." Siku nyingine alitaka kijiko, akabaki ananyoosha kidole, "Hiyo... hiyo ya kukorogea." Nilicheka! Nikamtania, "Wee, umekuwa muzungu leo?" Naye akacheka pamoja nami, na hicho kicheko ndicho ninachokisikia hadi leo. Alishona gauni akafunga tundu la mkono kwa uzi, kisha akashangaa mkono hauingii. Akasema ukutani kuna siafu. Nilichukua ufagio nikafagia ukuta mtupu, nikamwambia wameisha.

Wanawake waliokuja kutoa pole walimkuta ametulia, halii, haulizi, anatazama mkeka. "Subira gani hii!" wakasema. Na mimi nikavimba kichwa, eti mdogo wangu ana imani kuliko wenzake. Kumbe hakuwa akisubiri chochote. Alikuwa anatoka kidogo kidogo, na sisi tumekaa pale tunamsifu.

Wiki ya sita alinimwagia chai ya moto na kunitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Nina hasira za karibu mimi, kila mtu pale sokoni anajua. Nilimnunia siku mbili nzima, sikumsemesha wala sikumkagua. Siku ya tatu maneno ya daktari yakanirudia, nikamwambia shangazi tumpeleke.

"Mujane wa wiki sita apande gari mpaka Buja? Watu watasema nini?"

Mimi ninayegombana na mwanaume mzima kwa bidoni moja ya mawese, nilimkubalia. Baadaye sheikh wetu alituambia kwamba mgonjwa hutoka, dini haikumfunga, tungeuliza tu. Hatukuuliza. Tuliogopa midomo ya majirani, tukaiita dini.

Siku nne baada ya hapo, alasiri, nilirudi na mikono bado ina mafuta nikamkuta sakafuni anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, povu mdomoni. Yarabi! Nilimbeba nje bila kuuliza mtu. Majirani walitazama, watazame. Garini kuelekea Bujumbura, tulipofika Kabezi, akashikwa tena, kichwa chake mapajani mwangu.

Daktari alimuuliza huu ni mwaka gani, mdogo wangu akatabasamu tu. Daktari akamuuliza, "Bwana yako iko wapi?"

"Iko Nyanza-Lac," akajibu, bila kusita.

Nikamwambia daktari, mbona uso wake ni safi? Akavua miwani. "Dada, lupus hailazimiki kupita usoni. Hii imeingia kwa ubongo. Imeanza lini?" Nikamtajia swala, kijiko, gauni, siafu. Aliandika, kisha akaacha kuandika. "Na mulikuwa munangoja nini?"

"Alikuwa eda," nikasema. Ndani ya chumba kile neno hilo lilikuwa dogo sana.

Wakamtibu, na mitetemeko ikakoma. Alianza kula, kutembea, kunifahamu mimi. Lakini kumbukumbu ilikatika mahali fulani, na vipya havikai. Daktari alisema huenda itarudi kidogo, huenda isirudi. Lile neno "kama mngekuja mapema" hakulisema. Nilitamani alitamke, anigombeze, nipate mtu wa kugombana naye.

Siku ya kutoka eda shangazi alileta nguo mpya na udi. Mdogo wangu akanusa, akafurahi. "Ni harusi ya nani?"

Shangazi akamwambia taratibu: unatoka eda ya bwana yako, mwanangu. Loo, kilio kile! Kilio chote ambacho wageni hawakukisikia kilitoka siku hiyo. Alijitupa chini, akaniuliza mimi, "Amekufa lini? Mbona mulinificha?" Jioni alikuwa amesahau. Asubuhi akaniuliza mume wake yuko wapi, nikamwambia ukweli, akalia upya vile vile. Siku ya pili hivyo, na ya tatu hivyo. Siku ya nne sikuweza.

Sasa namwambia yuko kazini, atapita mchana. Anasema nimfunikie chakula, namfunikia. Akilala baada ya adhuhuri nakaa jikoni nakila mimi, wali wa marehemu, hadi sahani iwe tupu, maana akiikuta imejaa anahangaika, anafungua mlango na kusimama juani kumtazamia.

Akiamka anakimbilia sahani. "Alikuja?"

"Alikuja. Amekula, amerudi kazini."

Anaigeuza sahani mkononi, na uso wake, safi kabisa, unajaa machozi.

"Na wewe dada uliniona nimelala hivi, ukaniacha tu? Mbona hukuniamsha?"