Betri ya Meneja na Leseni Iliyogoma

Siku yangu ya kwanza kazini, pale mzani wa malori Isaka, Mkuu wa TEHAMA hakunipa hata kiti. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akaniuliza, "Binti, mashine hii inasema ni saa ngapi?" Nikamsomea. Akalinganisha na saa yake ya mkononi. "Sawa. Kila siku, kabla hujagusa chochote, anzia hapo." Nikajisemea moyoni, huyu mzee hamnazo. Nilikuwa na cheti kipya, nami sikusomea kutazama saa.

Lakini alinifundisha kazi. Programu za gharama huja na leseni iliyofungwa kwa msimbo wa siri, na mlinzi wake ni kifaa kidogo mfano wa flashi, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Mtengenezaji akigundua kosa kwenye programu yake, hutuma kiraka, yaani kipande cha programu cha kuziba kosa hilo. Kiraka hakipandi mpaka leseni ikubali. Nilipandisha viraka Isaka, nikapandisha Kahama, na sikumbuki kilichonishinda. Sikuwahi kuwa mnyenyekevu, na uzeeni sianzi.

Kisha nikahamishiwa mgodini, upande wa Geita. Huko programu ya wapimaji ilichora shimo letu pamoja na mashimo ya zamani ya wachimbaji wadogo. Mtambo wa kuchoronga miamba ukisimama juu ya shimo la namna hiyo, ardhi inaweza kutitia. Asubuhi moja mtengenezaji akatuandikia kwamba programu inakosea mahali yalipo mashimo ya zamani, tupandishe kiraka haraka. Zamu ya kuchoronga ilikuwa ianze saa nane mchana. Mwendesha mtambo alikuwa Kulwa, mwanangu.

Nikabonyeza. Leseni ikagoma, ikaandika kwamba haijaanza kutumika. Nikarudia mara nne.

Meneja wa Mgodi akaja. "Mama Kulwa, kuna fundi kule Nyasubi, Kahama, anavunja leseni kwa nusu saa. Nimpigie?"

"Programu iliyovunjwa leseni haipokei kiraka, Meneja. Itafunguka na kosa lake lile lile."

"Basi zamu itaanza na ramani tuliyo nayo."

"Haitaanza. Mwanangu ndiye atakayekaa juu ya mtambo ule."

Alinitazama, akatazama saa ya ukutani. "Una mpaka saa nane."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa Isaka. Hofu ilinisahaulisha kuanzia kwenye saa. Kutazama, kompyuta inasoma mwaka ambao Kulwa alikuwa bado shule ya msingi! Umeme ulikatika alfajiri, na kibetri cha ndani kinachotunza saa kilikuwa kimekufa. Kwa mashine ile, leseni tuliyoihuisha juzi ilikuwa bado haijazaliwa. Nikarekebisha saa kwa mkono, lakini kiraka kilitaka mashine izimwe kabisa katikati, na kila ikizimwa saa ilirudi nyuma. Stoo hawakuwa na kibetri kile, na mjini ni mbali.

"Meneja, naomba ufunguo wa gari lako."

Akanipa bila kuuliza. Nikaibandua rimoti yake kwa kisu, na ndani mkawa na kibetri cha duara, saizi ile ile. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nikaingia chini ya meza na kitenge changu, nikakipachika, nikarekebisha saa tena. Leseni ikakubali. Kiraka kikapanda hadi mwisho.

Ramani ikajichora upya. Shimo la zamani lilikuwa chini hasa ya pale mtambo ungesimama. Meneja akachukua redio akasimamisha zamu. Nililia mbele ya wapimaji wote, na sikuona aibu. Jioni Meneja alifungua gari kwa ufunguo mtupu, king'ora kikalia mgodi mzima, naye akawa anacheka peke yake.

Nimestaafu sasa. Vijana wananiuliza siri ya kazi, nikiwaambia wananiona hamnazo. Siku ya kuniaga, Meneja alinizawadia saa ya ukutani. Kulwa akaiwahi kabla sijaigusa, akailinganisha na saa yake ya mkononi, taratibu, watu wote wakisubiri.

"Iko sawa, mayu, mama yangu," akasema. "Sasa pokea."