Njia ya Aveba Kichwani Mwangu

Harufu ya javeli ya kusafishia sakafu ikichanganyika na mafuta ya nywele bado inanipandisha wivu. Msinicheke. Juzi niliingia saluni moja hapa Bunia, wakati msichana wa kazi ametoka kupiga deki, na pembeni yangu kulikuwa na mtoto aliyekaa katikati ya magoti ya msusi, shingo imeinama, mafuta yanang'aa kwenye njia za nywele. Mimi, mama mzima mwenye watoto, nikajikuta namkazia macho yule mtoto mpaka akageuza uso. Hakunikosea kitu. Aliyenikosea ni Divine, na Divine sasa ni mke wa mtu huko mbali, hata jina langu nadhani halijui.

Mama yangu alinisuka kila Jumamosi jioni. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mimi chini kwenye mkeka, akanibana kichwa kwa magoti yake yaliyonukia moshi na sabuni. Nikitikisika alinigonga kwa kitana: "Mave, tulia! Njia itapinda." Alikuwa na msuko mmoja aliofundishwa na mama yake kule Aveba, njia nyembamba zinazozunguka sikio na kupanda mpaka utosini. Tuliuita njia ya Aveba. Hakuna mtoto mwingine wa mtaa wetu aliyekuwa nao. Ulikuwa wangu, na niliringa nao shuleni hata siku nilizokosa hesabu zote.

Kisha kikaja kitoto. Mama alienda hospitali kujifungua, ikashindikana, wakampasua, akapata mvulana. Tantine, mdogo wake Mama, alihamia kwetu kunipikia. Baba alikaa siku chache tu, akafunga beleshi na blanketi, akaenda Nizi kuchimba dhahabu. Njia ya huko haikuwa na amani. Kila jioni watu waliotoka Iga Barrière, kwenye njia hiyo, walileta habari za waliovamiwa, na Tantine aliongea nao kwa sauti ya chini ili nisisikie. Nikiuliza Mama anarudi lini, jibu lilikuwa lilelile: "Mama yako iko anapumzika."

Anapumzika! Kila mchana baada ya shule nilimpelekea sufuria ya bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, na niliona kwa macho yangu kwamba hana ugonjwa. Kidonda kimepona. Anatembea, anafua nepi, anapiga soga. Walikuwa wamemtoa kitandani na kumpeleka nyumba ya nyuma, yeye na akina mama wengine wenye vitoto, wote wazima, wote wamelala mikekani. Nikajiambia, kumbe Mama amepata nyumba nyingine. Ana mtoto mpya, ana marafiki wapya, na chakula anabebewa na mjinga mimi. Kile kitoto kilinyonya huku kinanitazama kwa jicho moja. Nilikifinya siku moja, kidogo tu.

Lakini kitoto ni kitoto. Roho iliniuma kweli siku niliyomkuta Divine, binti wa muuguzi mmoja, amekaa katikati ya magoti ya Mama. Alikuwa na viatu vyeupe. Alikuwa anatafuna karanga. Na kichwani mwake, nilizitambua kabla sijafika karibu, njia zilizunguka sikio na kupanda utosini. Njia ya Aveba! Yangu! Nilisimama na ile sufuria mpaka ikaniunguza mikono.

"Na mimi?" nikauliza.

"Kichwa yako nitaisukia ku nyumba," Mama akasema bila kuinua macho. "Hapa, hapana."

"Ku nyumba lini?"

Alichovya kidole kwenye mafuta akampaka Divine, polepole, vilevile alivyokuwa akinipaka mimi. Baada ya Divine wakaja wengine, watoto wa wauguzi, wake za wagonjwa, hata daktari mmoja mwanamke. Wakati huo nywele zangu zilikuwa zimegeuka kichaka. Tantine alitaka kunisuka, nikakataa. Mkono wake ulikuwa mgumu, na zaidi ya hapo nilitaka Mama anione hivyo aone aibu. Mama aliona, akaendelea kusuka.

Sasa sikieni akili ya mtoto mwenye wivu. Jumamosi moja Tantine alipoenda sokoni, nilikwenda kwa mzee aliyekuwa akinyoa wavulana wa mtaa wetu, nikamwambia nimetumwa ninyolewe zote. Kama mikono ya Mama ni ya Divine, basi na nywele sizitaki. Mzee alinitazama kwa muda. "Pole, mutoto yangu," akasema, akaninyoa bila kutaka malipo. Nikaona ni mtu mwema sana.

Na barabarani kila mtu alikuwa mwema. Mwanamke muuza mandazi alinitilia mandazi mkononi akasema, "Kula, mama, ujikaze." Wanawake waliobeba madumu ya maji walisimama kunipa pole. Nilidhani mji mzima umesikia habari za Divine na uko upande wangu! Sentineli wa hospitali, ambaye kila siku alinifokea, alivua kofia alipofungua geti. Nikapita kichwa juu, kipara kinawaka jua, sufuria mkononi.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua, na ambalo mwenyewe nilikuwa nimeliona kwa majirani. Kwetu, mtoto wa kike ananyolewa kipara anapofiwa na mzazi.

Mama alikuwa anamsuka Divine tena. Aliinua macho, na kitana kikamdondoka.

"Mungu wangu! Baba yako!"

Kabla sijafungua mdomo alikwisha kupiga yowe, na akina mama wote wa nyumba ya nyuma wakalipokea, mikono kichwani. Divine alikimbia na nusu ya kichwa imefumuka. Mama alikirusha kitoto mgongoni, akafunga kitenge huku anakimbia, pekupeku, mpaka getini.

"Nifungulie! Bwana yangu alikufa Nizi!"

Sentineli alikuwa bado ameshika kofia. "Pole, mama. Pole sana. Lakini siwezi. Facture yako haiyaisha kulipwa."

"Niende tu nimuzike, nitarudi! Nakuapia!"

"Nikikufungulia, ile facture watanibebesha mimi." Akaegemeza mgongo kwenye geti. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye pia, na hakufungua.

"Hakuna mutu alikufa," nikasema. Nani angenisikia katika kelele zile? Nikapiga kelele na mimi: "Baba hakufa! Nilinyoa tu!"

Kilio kikakatika. Mama akageuka. "Ulinyoa juu ya nini?"

"Juu unasukaka batoto ya batu, mimi unaniacha!"

Mmoja wa akina mama akaanza kucheka, mwingine akamfuata, wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Sentineli alivaa kofia yake. Mama hakucheka. Alinipiga kibao kimoja cha mgongo, cha nguvu, kisha akakaa chini palepale getini, kwenye vumbi, akalia tena, safari hii kwa sauti ndogo. Nikazidi kukasirika. Baba ni mzima, sasa analia nini? Hasira zangu zote nikazihamishia kwa sentineli. Nilimwona mtu mwenye wivu kama mimi, anayembania Mama asitoke ili aendelee kuwasuka watoto wa wauguzi. Tangu siku ile sikumsalimu tena.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, nilipojifungua mimi mwenyewe na mume wangu akasimama mbele ya dirisha la malipo anapapasa mifuko. Mama alikaa kando ya kitanda changu akanieleza yote. Kule kupumzika kulikuwa kufungiwa, mpaka deni la kupasuliwa liishe. Kila kichwa alichosuka kilipunguza deni kidogo, na cha Divine pia.

"Yako haingelipa kitu," aliniambia. "Lakini si juu ya ile. Ningekusuka mule ndani, ingekuwa ni kusema nilikubali mule ndiyo nyumba yetu."

Nikamuuliza kwa nini alilia hata alipojua Baba hakufa. Alimkunja kwanza mjukuu wake vizuri kwenye kitenge.

"Niliona hata mukikufa wote, geti haitafunguka," akasema.

Siku si nyingi baada ya kisa kile cha getini, Baba alirudi kutoka Nizi, amekonda, na alicholeta kilimalizia deni lililobaki. Mama alifika nyumbani Jumamosi. Nilijificha nyuma ya mlango, maana nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza, hata kidole hazishiki. Alimkabidhi Tantine kitoto, akavuta kigoda chake, akachukua mafuta.

"Mave. Njoo."

"Hakuna kitu ya kusuka."

"Njoo, nilisema."

Nikakaa. Magoti yakanibana kama zamani, ila sasa yalinukia javeli. Alichovya kidole kwenye mafuta, akaanza kuichora njia ya Aveba kwenye ngozi tupu, akizunguka sikio, akipanda utosini, akirudi chini na kuanza njia nyingine. Hakuharakisha. Kitoto kililia mikononi mwa Tantine na yeye hakugeuka. Nilipotikisika alinigonga kichwani, akaniambia nitulie, njia itapinda.

Vichwa vyote alivyosuka kule hospitali vilikuwa vya deni. Hiki kimoja, kisicho na unywele, alikisuka kwa sababu ni changu. Kusukwa namna hiyo, Divine hakukupata.