Kipara cha Mwenye Mgawo

Juma lililopita, kwenye zahanati moja pale Manundu, bwana mmoja mnene wa ofisini alivua kofia mbele ya dirisha la dawa, kipara kikang’aa. Foleni nzima tukaangua kicheko.

“Nesi, nisaidie. Tangu niache ugali, wali na mihogo ili nipunguze tumbo, nywele zinabaki kwenye kitana. Na Ijumaa naenda kuposa!”

“Rudia ugali,” nesi akamjibu.

Bibi mmoja wa Kwaluguru, ambako duka la kijiji halijaona unga mwezi mzima, akamgusa bega.

“Mwanangu, na mgawo wako wa unga wa ofisini unampa nani?”

“Umejaa tu nyumbani, bibi.”

Jamani! Kicheko kilikoma. Mimi niliyecheka kuliko wote nikamwapia bwana yule kwamba mabinti wa siku hizi wanapenda vipara, asimsikilize nesi; ule unga sisi tutamsaidia kuumaliza.