Goti Langu la Vita

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu aliyenikaba katika mechi zetu za wazee. Tunacheza Jumapili asubuhi kule Gahanga, pembezoni mwa jiji, tunagawana pande mbili. Mimi nilikuwa nasimama karibu na goli nikiletewa mpira mguuni, kama mgonjwa anavyoletewa uji. Wote walijua goti langu la kulia lilipigwa risasi vitani. Mimi ndiye niliyewaambia.

Haikuwa kweli. Kabla ya vita nilikuwa winga wa timu moja ya Tanzania, nilikokulia, na watu walinisifia mbio. Nikaacha timu, nikavuka mpaka kwenda kupigania nchi ya wazazi wangu, nikavaa magwanda miaka minne, nikatoka mzima. Kocha wangu wa zamani aliniita kwenye majaribio. Siku ya pili vijana walikuwa wananipita kama nimesimama. Hakuna aliyenifukuza; niliondoka mwenyewe, na kila aliyeniuliza nilimjibu, "Goti." Ningeweza kujaribu daraja la chini, au kufundisha. Aibu ilinizuia, si vita. Kovu ninalo, ila nililipata utotoni nilipoanguka na baiskeli.

Mwaka huu akaja mchezaji mpya, mtu aliyejenga nyumba huko huko Gahanga. Nilimtambua mara moja. Tulikuwa kikosi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na alijua sikuguswa na risasi hata moja. Mechi nzima sikuuona mpira kwa kumtazama yeye.

Tulipomaliza tulikaa kwenye benchi la duka, tukanywa fanta. Nahodha wetu, fundi cherehani wa Nyakabanda, akamwonyesha mgeni goti langu. "Huyu Afande tunamtunza. Risasi ndiyo ilimkatisha mpira."

Mgeni alinitazama. Aliniachia mimi niseme.

"Hakuna risasi," nikasema. "Nilirudi mzima, nikashindwa majaribio. Nimewadanganya."

Nahodha aliweka chupa chini. "Mara ngapi nimekuacha ufunge, nikiogopa kukuumiza?"

"Nyingi."

"Na siku ile wazee wa Gitega walipokuja kucheza nasi wakatufunga, ukakataa kurudi kukaba?"

"Nilikuwa mvivu tu."

"Wewe ni muongo, bwana." Akachukua begi lake, akaondoka bila kuaga.

Wiki nzima nilingoja simu ya kuniambia nisirudi. Jumapili ndiyo siku pekee ninayokutana na watu tangu nistaafu, na nilijua nikiikosa kosa ni langu. Lakini hata katika hofu ile nilijisikia mwepesi, na nilianza tena kupanda ngazi bila kujifanya nachechemea.

Simu haikuja, nikaenda. Nahodha alinipa jezi ya upande wa pili, hakunisemesha. Mpira wa kwanza ulipofika mguuni kwangu nilisimama nao, kwa mazoea. Akaja mbio, akachukua mpira pamoja na kifundo cha mguu wangu. Nikaanguka kwenye vumbi.

"Inuka, mzee," akasema. "Hiyo si rafu."

Ilikuwa rafu. Niliinuka nikicheka, nikamkimbiza.