Lita Mbili za Tetu

Ngendo wa Tetu alikuwa na umaarufu mmoja, nao ulihifadhiwa kwenye ripoti ambayo hakuna jirani aliyewahi kuisoma. Mwaka 2011, kila asubuhi kwa miezi mitatu, alizunguka na jagi lenye alama, akipima maziwa katika nyumba ishirini zilizopewa majani mapya ya ng'ombe. Kabla ya hapo wenye ng'ombe waliulizwa tu kwa mdomo wanapata maziwa kiasi gani. Ripoti ikasema majani yaliongeza lita mbili kwa kila ng'ombe kwa siku.

Mwaka jana mtafiti kijana, Kathurima, alipanda majani yaleyale Timau. Wakulima walijipimia wenyewe, wakatuma hesabu kwa simu. Hakuna kilichoongezeka. Akampigia Ngendo.

"Mama, samahani. Kabla niandike jina lako kwenye ripoti yangu, hizo namba zilipikwa?"

Ngendo, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kutia maji kwenye maziwa ya kuuza, aliomba siku mbili. Akavaa gambuti, akaenda kwa Monicah, wa kwanza kwenye orodha ya zile nyumba ishirini.

"Ile wakati nilikuwa nakuja na jagi, ng'ombe yako ilikuwa inakula nini?"

"Majani yenu. Na unga ya ng'ombe ya duka."

"Unga? Na hukuniambia?"

"Kwani uliuliza? Ati upime kwangu upate lita nne, halafu uende kwa jirani Simeon upate nane? Ulipoacha kuja, nikaacha unga."

Simeon naye alikiri unga. Alisema alinunua kwa sababu ya Monicah.

Ngendo angeweza kunyamaza na lita zake mbili. Alipiga simu.

"Sikupika kitu. Lakini hayo majani haina kazi. Walikuwa wanaona aibu mbele yangu."

Kathurima alisema, "Hiyo pia inapimika. Utakuja Timau na jagi?"

Alikwenda. Kwa Gatwiri, mkulima wa kwanza, ng'ombe alitoa lita sita, sawasawa na zilizotumwa kwa simu. Wiki ya tatu alitoa nane. Ngendo aliinama kwenye hori, akaona unga umeshikana na majani.

"Majani imeanza kushika," Gatwiri alisema, akitazama ng'ombe.

"Naona," Ngendo alisema.

Jioni alimsomea Kathurima hesabu za nyumba zote; wastani ulikuwa umepanda lita mbili.

"Basi jina lako nitaliandika vipi?" akauliza.

"Andika nilipima sawa," Ngendo alisema. "Halafu uandike mimi ndiye nilileta hizo lita mbili."