Maji Yenye Dawa

Juzi niliwaona vijana wakijaza vichupa maji ya mto hapo Gatwekera, huku kwetu Kibra, wakapime kemikali, nami nikasonya. Nilipokuwa mtoto, Kibra ingali vichaka na mahindi, mpimaji wa maji wa serikali alikuja vivyo hivyo. Mto ulinuka josho la kuogeshea ng'ombe kuua kupe, la mlowezi aliyekuwa na shamba juu yetu mtoni, harufu kali ya kukwaruza koo, na mbuzi wetu walikuwa wameanza kufa.

"Maji haya yameingia dawa," mpimaji alimwambia bibi yangu, tuliyemwita Habuba.

Nilikuwa na kikohozi kisichoisha, nikafurahi. Dawa, tena ya bure! Nikapiga magoti, nikanywa kwa viganja. Habuba alinirukia, akanitia vidole kooni hadi nikatapika, huku nikilia kwamba ananinyima kupona.

"Sasa tunywe nini?" akamfokea yule bwana.

"Ngojeni majibu, mama."

Akafunga vichupa vyake, akaenda. Majibu hayo mpaka leo hatujayaona. Jioni Habuba alibeba debe, akashuka mtoni huku akitukana kwa Kinubi, lugha yetu, akachota yale yale, kwani mengine hayakuwapo.